Kasuku Mzee na Nyumba Mpya

Mhadhara kwa umma uliotolewa Nairobi mbele ya wanafunzi wa utabibu wa mifugo, wafugaji wa ndege na wananchi



Jambo nitakalolizungumza leo huwafikia watu wengi bila kupangwa. Mzee amefariki, ameacha kasuku aliyekaa naye miaka thelathini. Jirani anahamia ng'ambo na ndege hana kibali cha kusafiri. Familia imehamia fleti, na wapangaji wa juu na wa chini wamechoshwa na kelele. Mara tundu linatua sebuleni kwako, na ndani yake yumo ndege wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kifua kimebaki ngozi tupu, anayekuuma ukimsogelea na kupiga mayowe ukimwacha. Wiki haijaisha, simu inapigwa kwa daktari: "Huyu atarekebishika kweli?"

Naomba tuliweke swali hilo kando kidogo. Kabla ya kuuliza kama ndege atarekebishika, yatupasa kuuliza tabia yake inampatia nini. Kiumbe harudii tendo miaka nenda miaka rudi bila kulipwa nalo. Mayowe yanamletea mtu. Kuuma kunauondoa mkono asioutaka. Kunyonyoa manyoya kunampa shughuli mahali pasipo na shughuli. Ukishayajua malipo, unaweza kumpa malipo yale yale kwa njia isiyomuumiza yeye wala wewe. Hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo. Mengine nitakayosema ni kuifafanua.

Ndege huyu ni nani

Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu yetu. Makazi yake ya asili yanaanzia Afrika Magharibi, yanapita bonde la Kongo, yanaingia Uganda na kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na kufika magharibi mwa Kenya. Msitu wa Kakamega ni miongoni mwa mahali pa mwisho alipobaki nchini mwetu, na hata huko ni adimu mno. Porini halali peke yake. Jioni kasuku hukusanyika kwa mamia, pengine maelfu, kwenye miti mirefu. Alfajiri huitana, kisha huruka mwendo mrefu kutafuta matunda na mbegu, hasa chikichi. Mchana wao hupita katika kutafuta, kuparamia, kumenya na kusemezana.

Mbwa ameishi na binadamu maelfu ya miaka, na vizazi vyake vimechujwa vikafaa kukaa nasi. Kasuku hakupitia mchujo huo. Hata aliyeanguliwa kizimbani, babu yake alitoka msituni. Tunapomweka peke yake ndani ya tundu na kumjazia bakuli la alizeti asubuhi, tunampa kwa dakika chache kile ambacho mwili wake uliumbwa kukitafuta kutwa, kisha tunamwachia saa zote zilizobaki bila la kufanya.

Na akili yake haimruhusu kuzipuuza saa hizo. Mwaka 1977 mtafiti Irene Pepperberg wa Marekani alimchukua kasuku wa kijivu kutoka duka la wanyama huko Chicago, akamwita Alex. Katika miaka thelathini ya mafunzo, Alex alijifunza majina ya vitu hamsini hivi, rangi saba na maumbo matano. Akaweza kueleza vitu viwili vinafanana au vinatofautiana kwa lipi. Mwaka 2020 Désirée Brucks na Auguste von Bayern walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kasuku wa kijivu humpa jirani yake kipande cha kubadilishia chakula, hata pale yeye mwenyewe asipopata kitu. Mwaka uliofuata, watafiti waliolinganisha jamii nyingi za kasuku walikuta kwamba zile zenye ubongo mkubwa kwa kulinganisha na mwili ndizo zinazoelemewa zaidi na maisha ya tunduni, na zile ambazo chakula chao cha porini kinahitaji kazi nyingi kukimenya ndizo zinazojinyonyoa zaidi. Na mwaka 2014 watafiti wa Vienna walipima telomea, yaani ncha za kromosomu ambazo hufupika kadiri mwili unavyozeeka, wakakuta kwamba kasuku wa kijivu waliofugwa peke yao walikuwa na ncha fupi kuliko wenzao waliofugwa wawili wawili. Upweke ulikuwa umeandikwa ndani ya chembe zao.

Basi tunapomwona kasuku mzee mwenye vituko, tuanze na dhana ya kwamba tunamwona ndege mwenye akili timamu aliyejaribu kuyamudu mazingira yasiyomfaa.

Alivyofika kwetu

Kwa miongo mingi kasuku hawa walitegwa kwa gundi na nyavu, wakapunguzwa mabawa, wakasongamanishwa kwenye masanduku na kuuzwa nje. Zaidi ya milioni moja walisafirishwa kihalali chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, tangu katikati ya miaka ya 1970, na hesabu hiyo haiwahusu waliokufa njiani wala wa magendo. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba idadi yao ilikuwa imepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Mwaka huo huo wa 2016, mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg ulimhamishia kasuku wa kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza, na biashara ya kimataifa ya ndege waliokamatwa porini ikapigwa marufuku kuanzia Januari 2017.

Nalitaja hili kwa sababu linahusu umri. Kasuku wa kijivu akitunzwa anaweza kuishi miaka 40 hadi 60. Aliye na miaka thelathini na zaidi leo huenda alizaliwa katika shimo la mti, akalelewa na wazazi wake, kisha akashikwa. Woga wake wa mikono na taulo unaweza kuwa ulianza hapo. Msimtegemee muuzaji kwa habari za umri. Kinda huwa na jicho la kijivu kilichokoza ambalo hugeuka manjano hafifu kufikia mwaka wa pili hivi. Baada ya hapo jicho halisemi tena. Pete ya mguuni inasema zaidi: pete kamili isiyo na kiungo huvishwa kinda angali mdogo kiotani, hivyo ni dalili ya kuzaliwa kizimbani.

Sheria nayo ina neno lake. Nchini Kenya, kasuku wa kijivu hafugwi bila kibali. Mapema mwaka 2022 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, liliwapa wafugaji kipindi cha msamaha wajiandikishe bila kushtakiwa. Anayempokea ndege wa marehemu au wa jirani anapokea pia wajibu wa kwenda ofisi ya KWS kabla ya kumhamisha, amweleze afisa, na afuate utaratibu atakaopewa. Nchi jirani zina sheria zao; ulizeni huko huko.

Na hapa naomba nisikike vizuri. Kumnunua kasuku barabarani kwa kumhurumia hakumwokoi kasuku yeyote. Fedha yako inamrudisha mwindaji msituni akamtege mwingine. Ukimwona anauzwa, toa taarifa. Ndege aliyekamatwa karibuni bado ana nafasi ya kurudi: kule Lwiro, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, kituo kilichoanzishwa kwa ajili ya sokwe na nyani hupokea pia kasuku walionyang'anywa wafanya magendo, na kuwatunza mpaka manyoya ya mabawa yaote tena. Mzee wa nyumbani ambaye hajatafuta chakula kwa miaka ishirini na zaidi hana nafasi hiyo. Ukimfungulia dirisha "awe huru", umemtupa. Msitu wake uliobaki ni nyumba ya mtu atakayemwelewa.

Kujinyonyoa

Tuje kwenye tabia zenyewe, nianze na ile inayoumiza macho. Mtazame ndege wako kwa utulivu. Kama mwili uko uchi na kichwa kimejaa manyoya, anajinyonyoa mwenyewe, maana mdomo wake haufiki kichwani. Kama kichwa nacho kimepukutika, tafuta ugonjwa au mwenzake anayemnyonyoa.

Hatua ya kwanza ni kwa daktari. Virusi vya manyoya na mdomo, ukungu wa mapafu, maradhi ya ini, minyoo na vijidudu vya tumbo, sumu ya zinki au risasi iliyotoka kwenye waya na rangi ya tundu, yote hayo yanaweza kumfanya ndege ajishambulie. Kumwita "mwenye mawazo" kabla ya kumpima damu na kinyesi ni kumdhulumu.

Akishapimwa na kuonekana mzima, rudini kwenye swali letu: kunyonyoa kunampa nini? Mara nyingi kunampa kazi ya mdomo. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwagawa kasuku wachanga wa jamii ya amazoni katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa vitu vya kuparamia na chakula kilichofichwa, kinachohitaji kutafutwa na kufumuliwa, lingine halikupewa. Waliopewa kazi walibaki na manyoya mazuri, wasiopewa walianza kujinyonyoa. Na hao walipopewa kazi baadaye, hali yao ikapata nafuu.

Kazi hiyo haihitaji duka la kifahari. Gunzi la mahindi lililofichwa njugu. Kifuu cha nazi kilichotobolewa. Ukili uliosukwa ukafungiwa kipande cha karoti. Karatasi nyeupe iliyoviringwa na mbegu tatu ndani. Matawi mabichi ya mpera yenye magome ya kubanduliwa. Anza kwa wepesi, chakula kikionekana nusu, maana mzee aliyezoea bakuli hajui kwamba chakula hutafutwa. Ongeza ugumu kidogo kidogo, mpaka sehemu kubwa ya mlo wake apate kuichumia.

Kisha mpe na nafsi yako subira. Vishina vya manyoya vilivyong'olewa miaka mingi vinaweza kufa, na kifua kikabaki uchi daima. Usipime mafanikio kwa manyoya. Yapime kwa saa anazotumia akishughulika na jambo jingine.

Mayowe

Kasuku wote hupiga kelele alfajiri na magharibi. Hiyo ni saa yao ya kuitana, na asiyeiweza asichukue kasuku. Tunachozungumzia hapa ni yale mayowe ya mchana kutwa. Mtu hukimbia kutoka jikoni na kufoka, "Nyamaza!" Kwa hesabu za ndege, ameita na ameitikiwa. Kesho ataita tena.

Nilipata kumhudumia kasuku aliyeita wajukuu kwa sauti ya bibi yao aliyekuwa amefariki. Sauti ilikuwa yenyewe hasa, na kikohozi chake mwishoni. Watoto wa marehemu hawakuweza kuistahimili, wakamtoa ndege, na siwalaumu. Mama aliyempokea aliarifiwa kwamba ndege "ameingiliwa". Nilimweleza kwamba kwa miaka mingi wito ule ulikuwa ukifuatwa na nyumba kujaa watu. Ndege alikuwa akiendelea kuufungua mlango kwa ufunguo aliouzoea. Dawa ikawa kumpa wito mwingine. Kila alipopiga mluzi mfupi, mama yule aliitikia kwa mluzi ule ule, hata akiwa bafuni, na mara nyingine alimletea kipande cha papai. Alipoita kwa mayowe hakuna aliyekwenda. Sauti ya bibi haikupotea, lakini mayowe yalipungua, na mluzi ukawa ndio mazungumzo ya nyumba ile.

Katika njia hii kuna bonde moja ambamo wengi huanguka. Tabia iliyozoea kulipwa ikikosa malipo, huzidi kwanza kabla ya kupungua. Mayowe ya dakika kumi yatakuwa ya ishirini. Ukisalimu amri dakika ya ishirini, umemfundisha kwamba bei mpya ni dakika ishirini. Kwa hiyo nyumba nzima ikubaliane, mpaka na dada wa kazi na watoto, kabla ya kuanza.

Malipo si lazima yawe chakula. Mwaka 2020 hifadhi ya Lincolnshire Wildlife Park nchini Uingereza ilipokea kasuku watano wa kijivu kutoka nyumba tofauti, wakawekwa pamoja karantini. Walijua matusi. Mmoja akitukana, watumishi walicheka, na kicheko kikawachochea wengine, hadi ikabidi waondolewe mbele ya wageni na kutenganishwa kwenye makundi mengine. Kicheko kilikuwa mshahara tosha. Basi katika nyumba yako, angalia unacheka nini, unafokea nini, na unapuuza nini. Ndege aliyetulia akicheza ndiye asiyetazamwa na mtu, na huyo ndiye anayestahili kutazamwa.

Kuuma

Kuuma ni neno la mwisho la ndege aliyekwisha kusema maneno mengi yasiyosikilizwa. Kabla ya kuuma, mboni hupanuka na kusinyaa kwa haraka, manyoya ya shingo husimama, mwili hukauka au huinama mbele, au anarudi nyuma hatua moja. Ukiona hayo, simama. Ukiondoa mkono wakati huo, hujashindwa; umemwambia kwamba ishara ndogo inatosha, na hahitaji tena ile kubwa.

Wapo watakaowashauri mvae glavu na kumshika kwa nguvu ili ajue nani mkubwa. Msiwafuate. Ndege huyu huliwa na mwewe na nyoka porini. Kinachomshika kwa nguvu kinakuja kumla. Kila mara anapolazimishwa, mkono wa binadamu unazidi kuwa kitu cha kupigana nacho.

Njia inayofaa ni ya kijiti. Chukua kijiti chembamba, mwonyeshe kwa mbali nje ya nyavu za tundu. Akikitazama, mpe mbegu ya alizeti. Akisogea, mpe. Akikigusa kwa mdomo, mpe. Alizeti isiwe tena ndani ya bakuli, iwe ni ujira wa kazi hii peke yake. Mafunzo yachukue dakika chache tu kila kikao, na yakome ndege akiwa bado ana hamu. Akishajua kukifuata kijiti, anaweza kuongozwa kuingia tunduni, kupanda mizani, kusimama kwenye kijiti cha kusimamia, na siku moja kwenye mkono, bila kushikwa. Na kila hatua awe na ruhusa ya kukataa. Ndege anayejua kwamba anaweza kuondoka ndiye anayekubali kukaa.

Liko pia tatizo la mapenzi yaliyopotoka. Kasuku humchagua mtu mmoja, akamtapikia chakula kama amlishavyo mwenzi wake, na kuwashambulia wengine wote. Mara nyingi sisi ndio tuliomchochea: tulimpapasa mgongoni na chini ya mkia, tukampa kiboksi cha giza cha kuingia. Mkune kichwa na shingo tu, ondoa kila kitu kinachofanana na kiota, na ugawanye kazi za kumlisha na kumfundisha kwa watu wote wa nyumba.

Je, mzee hufundishika?

Hapa huwa nasomewa methali: samaki mkunje angali mbichi. Kwa kasuku methali hii haifai. Alex alikuwa bado anafundishwa mambo mapya alipokufa Septemba 2007, akiwa na miaka 31. Mzee anachohitaji ni muda mrefu zaidi wa kuamini, maana ana sababu nyingi zaidi za kutoamini. Na wahenga hao hao walituambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu msimpe jembe siku ya tatu. Wiki za mwanzo hazina kazi nyingine ila ndege kujua kwamba katika nyumba hii hakuna baya linalotokea ghafla.

Mwachie tundu lake la zamani, hata kama ni bovu, na umwekee jipya kando yake alitazame mpaka alizoee. Tundu liwe limeegemea ukuta ili asihisi hatari ya nyuma. Kaa karibu naye ukisoma gazeti, bila kumkodolea macho. Mweleze kwa sauti kila unachotaka kufanya kabla ya kukifanya. Kama una ndege wengine, mtenge chumba chake kwa siku 30 hadi 45 na upime homa ya kasuku, ambayo humwambukiza hata binadamu kupitia vumbi la kinyesi na kumletea nimonia.

Hewa, chakula na usingizi

Tabia haitengenei katika mwili unaoumwa. Kwanza hewa. Mapafu ya ndege yameungana na vifuko vya hewa mwilini mwake, na sumu humwingia haraka kuliko sisi. Kikaangio cha Teflon kikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaoua kasuku kwa dakika chache. Moshi wa jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, sigara, marashi ya kupuliza, pamoja na udi na ubani tunaoupenda, vyote vikae mbali naye. Asiishi jikoni.

Pili chakula. Wengi wa wazee hawa wamelelewa kwa alizeti tupu, yenye mafuta mengi, isiyo na kalsiamu wala vitamini A ya kutosha. Matokeo yake ni ini la mafuta, mishipa iliyoziba na pua isiyopona, na kwa kasuku wa kijivu hasa, kifafa cha kupungukiwa kalsiamu. Masoko yetu yana dawa: malenge, karoti, viazi vitamu vya rangi ya machungwa, sukuma wiki, papai, na pilipili, ambayo haimchomi ndege. Chikichi kwake ni chakula cha nyumbani. Badilisha polepole, na umpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Wengi wana uzito wa gramu 400 hadi 550. Akipoteza moja ya kumi ya uzito wake, mpigie daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu ndege huficha ugonjwa mpaka hawezi tena kuuficha. Parachichi, chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vya chumvi asiguse. Mtoe apate jua la asubuhi, penye kivuli cha kukimbilia na mtu wa kumlinda na paka na mwewe. Jua la kupitia kioo halimsaidii kutengeneza vitamini D.

Tatu usingizi. Yeye ni ndege wa ikweta, na usiku wake ni wa saa kumi na mbili. Sebule yenye runinga mpaka saa sita za usiku inamwibia nusu yake, na asiyelala huuma. Mpe chumba cha giza na kimya.

Nne uzee wenyewe. Magoti na nyayo huuma. Mpe vijiti vya unene tofauti na kamba laini, na uvishushe. Macho huingia mtoto wa jicho. Ukishajua haoni vizuri, usimhamishie vitu vyake. Moyo huchoka; akihema kwa mkia kupanda na kushuka, usingoje kesho.

Nani ampokee

Sasa niseme na anayefikiria kumpokea. Mzigo wa mwenzio kwako ni kanda la usufi, na ni rahisi kumhukumu aliyeshindwa na ndege wake. Usimhukumu, mwulize. Ndege alilala saa ngapi, alikula nini, aliogopa nini, nani alimpenda, aliitwa kwa jina gani. Majibu hayo yana thamani kuliko tundu jipya.

Kisha jiulize mwenyewe. Je, nyumba yangu inastahimili kelele za alfajiri? Nipo nyumbani saa za kutosha? Kuna daktari ninayeweza kumfikia anayejua ndege? Je, nikifa kabla yake, nani amekubali kwa kinywa chake kumchukua? Liandikeni jina hilo, pamoja na kibali, uzito, chakula na ishara zake, katika daftari moja. Kasuku wengi waliopita mikono mitano walipita kwa sababu hakuna aliyeandika kitu.

Na jiulize swali zito kuliko yote: je, nitatosheka iwapo ndege huyu hatanipanda mkononi kamwe? Kama jibu ni hapana, usimchukue, na hakuna aibu katika hilo. Kasuku mzee hana deni la shukrani kwa mtu aliyemwokoa. Yawezekana baada ya mwaka mzima ukapata tu kwamba anakula mbele yako bila kusimamisha manyoya. Kwake yeye hilo ni jambo kubwa.

Wanafunzi wangu, ninyi mtakaopigiwa simu zile, nawaomba jambo moja. Mtu akiwauliza kama kasuku wake atarekebishika, msikimbilie kujibu ndiyo wala hapana. Mwulizeni ndege hupata nini kwa tabia ile, mpimeni mwili wake kwanza, kisha kaeni na mwenye nyumba mpange atakavyokipata kitu hicho kwa njia nyingine. Nanyi wafugaji, jiandikisheni, andikeni madaftari yenu, msinunue ndege barabarani, na mkiwa na nafasi ya kweli katika nyumba na katika saa zenu, mpokeeni mzee mmoja. Wapo wanaongoja.